Bakuli la Jirani Mkongo

Arobaini ya mama ilipita bakuli likiwa bado kwangu. Nililiweka juu ya kabati, nikaliteremsha, nikaliosha tena ingawa lilikuwa safi. Nyumba yetu hapa Temeke ni vyumba viwili tu, lakini niliizunguka kama mtu aliyepoteza kitu.

Ni la jirani yetu Mkongo, mama wa makamo anayesuka nywele nyumba ya pili. Mama alipougua na kukataa chakula, jirani huyo alipika kisamvu kwa samaki, akakileta mlangoni. Mama akala vijiko vitano. Nilikuwa nimesahau mara ya mwisho alipokula hivyo.

Mchana ule nilikwenda bombani. Wanawake wenzangu walikuwa wameshaanza umbea.

"Shoga, unamlisha mama chakula cha Mkongo?"

"Mie Mrundi nampa jembe tu, funguo simpi."

"Mchina je?"

"Huyo ukimkaribisha, mfiche mbwa wako kwanza!"

Tukacheka.

"Lakini Mkongo, jamani, hata pipi yake usile. Wanaweka dawa."

Na hapo pia nilicheka. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha, maneno yamebaki.

Jirani alileta tena mara tatu. Nilipokea, nikashukuru, nikamwaga nyuma ya choo. Ningeweza kusingizia dini, lakini samaki na majani ya muhogo havina shida kwetu. Niliogopa dawa. Mama yangu alikuwa anakufa na mimi namwogopea dawa.

"Yule jirani hajaleta?" mama aliuliza.

"Hajaleta, mama."

Akageukia ukutani. "Basi na yeye kanichoka."

Hakuuliza tena. Wiki iliyofuata tukamzika, na bakuli la mwisho likabaki kwangu.

Kwetu hatumrudishii mtu chombo kitupu. Leo asubuhi nimepika vitumbua, nikavipanga ndani ya bakuli, nikavuka uchochoro. Jirani alikuwa peke yake kibarazani, anachambua rasta. Alisimama, akapokea kwa mikono miwili.

"Pole tena, dada. Mama alikulaka ile sombe?" Ndivyo wanavyokiita kisamvu kwao.

Ningesema ndiyo, tungeagana vizuri.

"Mara ya kwanza alikula. Nyingine zote nilimwaga. Nikamwambia hujaleta."

"Sababu gani?"

"Watu walisema Wakongo mnaweka dawa."

"Na wewe?"

"Niliamini."

Alitazama mlango wetu. "Kwa hiyo mama alienda akijua nilimuacha."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti. Aliniambia nikinge kanga. Nikakinga. Akahamisha vitumbua humo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, akafuta mafuta kwa kidole, akaingia ndani na bakuli lake tupu.