Kipepeo Nyumbani kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, tulihamishiwa kijiji cha Ujamaa upande wa Mgori. Kaburi la babu lilibaki kwenye nyumba yetu ya zamani, chini ya kichaka cha miiba. Bibi alipanda lori siku ile, lakini moyoni hakuhama; kila mara alisema atarudi.

Baada ya mvua, vipepeo weupe walipita kijijini kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja. Bibi alitukataza kuwapiga. Aliamini ni marehemu wetu wanatembea, na mmoja akiingia ndani ya nyumba, basi amekuja kumwita mtu.

Mimi nilitaka kujua wanatoka wapi. Siku tuliyorudi mahameni, kwenye nyumba ile ya zamani, kuchuma maboga, nilikuta kichaka cha kaburini kimejaa viwavi wa kijani. Nikatia sita kwenye kopo la maziwa pamoja na majani, nikalifunika kitambaa na kulificha chini ya kitanda nilicholalia na bibi. Walikula mpaka majani yakabaki vijiti. Kisha wakajishikiza kwenye vijiti hivyo, wakageuka vifuko vigumu, kimya kabisa. Nikadhani nimewaua.

Asubuhi moja nilitoka kisimani nikamkuta bibi amelala, amegeukia ukuta.

"Ameamka na kipepeo kifuani," mama alininong'oneza. "Anasema babu yako amemwita."

Siku mbili hakugusa hata uji. Mama alipotuma watu wawaite shangazi zangu, hofu ikanizidi. Nikalivuta kopo; kitambaa kilikuwa kimelegea upande mmoja.

"Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaleta."

"Umewatoa wapi?"

"Kaburini kwa babu."

Nilingoja fimbo. Bibi akaketi taratibu, akalichukua kopo mpaka mlangoni penye mwanga. Kifuko kimoja kilikuwa kinapasuka. Kipepeo akajikokota nje, amelowa, mabawa yamejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Tulikaa pale, mimi na yeye, mpaka yakanyooka na kukauka, akaruka.

"Kumbe hakuja kuniita," bibi akasema. "Wewe ndiye uliyemleta."

Akaomba uji.

Baadaye nilikuwa mwalimu, na nimewachorea watoto ubaoni hatua zile mara nyingi. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilimtoa bibi kwenye ushirikina. Lakini nikikumbuka jinsi alivyonywa uji ule, na kwamba tangu hapo hakusema tena habari za kurudi mahameni, naona nilikosea. Mimi nilimwonyesha kipepeo akizaliwa. Yeye alikuwa akimkaribisha mumewe kwenye nyumba mpya.