Kihispania cha Mkamuaji

Mkamuaji alikuwa na mjukuu mmoja tu, msichana wa miaka minne, na hawakuwahi kuzungumza. Binti yake aliolewa ng'ambo, na mtoto akakua akijua Kihispania peke yake. Kila Jumapili simu ilipoleta sura zao, mtoto alimtazama babu kama anayetazama ukuta, kisha akashuka kitini.

"Mtajie wanyama, Baba," binti alimwambia. "Ndio anaowapenda siku hizi." Akamtumia majina matano.

Alijifunzia kazini, maana nyumbani, tangu afiwe na mkewe, hata kikohozi chake mwenyewe kilimshtua. Asubuhi akipita na ndoo, alitamka jina moja mbele ya kila banda: vaca kwa ng'ombe, ternero kwa ndama, cabra kwa mbuzi, oveja kwa kondoo, na mwisho kabisa cerdo kwa nguruwe.

"Mzee, ukimwita ng'ombe hivyo atakubania maziwa," mfagia mabanda alimtania.

"Atazoea. Mbona wewe tumekuzoea?"

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja akavaa shati la kuendea misibani, ndilo pekee lenye kola nzima, akaegemeza simu kwenye birika. Safari hii mtoto alishika kitabu cha picha. Akafunua ukurasa, akaweka kidole juu ya kondoo, akangoja. Kweli alingoja, macho yote kwa babu.

Hapo mkamuaji akagundua alivyojifunza. Majina hayakukaa kinywani. Yalikaa njiani, yamepangana kama mabanda, na hakuweza kumfikia kondoo bila kuanzia mlango wa kwanza. Akaanza, midomo ikicheza bila sauti. Vaca. Ternero. Akateleza, akarudi mwanzo. Mtoto akaigonga picha mara mbili. Akamwambia mama yake neno, akafunga kitabu.

"Oveja!" babu akapaza sauti. "Oveja, mama, oveja!"

Kwenye simu palibaki kiti kitupu, na kwa mbali kelele za katuni.

"Ameshakwenda, Baba."

"Alisema nini?"

"Amesema babu hajui."

"Mwambie najua."

"Nitamwambia," binti akasema, lakini hakugeuka kumwita. Akamuuliza habari za goti lake. Mkamuaji akajibu kwamba goti halijambo, ingawa tangu juzi alikuwa akilala nalo limefungwa kitambaa.