Filimbi ya Bwana Mkunjo

Jina la Bwana Mkunjo lilitokana na kazi yake: suruali aliyoipiga pasi ilikuwa na mstari wa kukata kidole. Miaka ishirini na sita alikuwa akipuliza pasi ya mkaa kibarazani kwake, na mapafu yake, kwa kujisifu kwake, yalikuwa ya ng'ombe.

Basi ndevu zikiwa zimeshakuwa nyeupe, akanunua filimbi ya bati yenye matundu sita. Mwalimu hana, kitabu hana, ana hamu tu. Kila alasiri alijifungia stoo akaipuliza vilevile anavyochochea makaa, mashavu yamemtuna. Filimbi haitaki hivyo. Ukiipuliza kwa nguvu inapiga yowe, na hiyo ilipiga yowe miezi mitatu mfululizo hadi paka akahama. Mkewe alifunga madirisha tu.

Siku moja karani wa nyumba ya pili alifuata mashati yake.

"Pole, Bwana Mkunjo," akasema huku akicheka. "Filimbi itamtoa roho shemeji. Mwambie apulize kidogokidogo."

"Shemeji gani?"

"Si mkeo! Katuambia mwenyewe pale bombani kwamba anajifunza. Mtaa mzima tunamwita Mama Filimbi."

Bwana Mkunjo akaelewa. Mkewe alikuwa akimkinga asichekwe na wateja. Palepale angeweza kusema ukweli. Badala yake akacheka, tena kwa sauti. "Wanawake hawa! Nimemkataza, hasikii."

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni na bakuli la makaa. Alikuwa amesikia yote. Akayamimina ndani ya pasi polepole, akafunga kifuniko, akarudi jikoni. Hata kununa hakununa. Bora angenuna.

Aibu ikampanda mzee wa watu kutoka nyayo hadi masikio. Mtu mzima mwenye wajukuu, amejificha nyuma ya mkewe! Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki kibarazani, akamkuta karani njiani na mashati begani.

"Ni mimi!" akasema akihema. "Filimbi ni yangu. Yeye hajaigusa hata siku moja!"

Karani akamtazama kwa upole, akampigapiga bega. "Hapo umenena kiume. Kumbe unampenda hivyo, mpaka uko tayari kuchekwa kwa ajili yake!"

Akaenda zake, akimsimulia kila aliyekutana naye habari za mume huyo mwema.