Kota Moja, Familia Mbili

Kambini walimwita Mama Funguo, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa sajini wa makazi: ndiye aliyeamua nani aingie kota, nani alale bwenini, nani akapange mtaani. Waliokuwa na nyumba walimwamkia kwa heshima. Wasiokuwa nayo walimwamkia kwa heshima zaidi. Yeye mwenyewe alipanga chumba nyuma ya karakana ya seremala, maana hakuwa na mume wala mwana, na foleni ya kambi ilimweka mkiani. Wenzake walimtania kwamba mganga hajigangi.

Mwaka ule kikosi kilichokuwa mpakani kilirudi mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mabweni yalifurika, vitanda vikapangwa hadi kwenye ukumbi wa mazoezi. Wenye familia nao wakadai kota, na kota zilikuwa zimejaa. Mambo yakifika hapo, askari hupanga nje na jeshi humsaidia kodi, lakini si katika nyumba yoyote tu. Lazima iwe na maji, mlango ufungike, na king'ora cha kambi kisikike mtu akiwa ndani. Mama Funguo alizunguka mitaani kwa miguu akikagua, akisimama katikati ya vyumba vya watu na kutega sikio, mpaka baadhi ya wenye nyumba wakadhani akili zimemruka.

Ndipo mkuu wa kambi alipokumbuka kota ya mjane mmoja. Mumewe, dereva wa lori la jeshi, alikufa ajalini kule mpakani, na muda ambao mjane huruhusiwa kubaki ulikuwa umepita. Amri ikatoka: ahame kabla ya Jumatatu, na kota apewe koplo wa mawasiliano, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote na chumba chao cha kupanga kilikuwa kimeingia maji. Mama Funguo alikwenda mara mbili kumpa mjane habari. Mara zote mbili alikaribishwa chai, akaambiwa, "Nimesikia, dada." Na mara zote mbili hakuona hata sufuria moja iliyofungashwa.

Jumatatu lori lilisimama mbele ya kota likiwa na godoro, kabati na mitungi ya maji. Mke wa koplo alikaa mbele, pembeni ya dereva, ameshika tumbo. Polisi jeshi wawili walikuwa wametangulia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mjane alizungumza kupitia dirishani, bila kupaza sauti. Alisema nyumba aliyojenga marehemu, shemeji zake wameshaingiza wapangaji. Mwanawe mkubwa yuko katikati ya mitihani, ataimaliza mwisho wa mwezi. Akiondoka leo, watalala wapi?

Koplo, ameloa jasho, alimgeukia Mama Funguo. "Afande, ufunguo wa akiba unao. Fungua tuingie."

Alikuwa nao kweli, mfukoni, na kiganja kilikuwa kimeushika. Amri ilikuwa upande wake. Majirani walikuwa wamejaa madirishani, kila mmoja akijua kuwa siku moja mlango unaogongwa unaweza kuwa wake. Polisi jeshi mmoja alitazama saa, akamwambia kwa upole kwamba yeye asipofungua, wao watavunja. Mama Funguo akaomba dakika chache. Za kufanyia nini, hakujua.

Mke wa koplo akashuka. Hakumuuliza mtu. Alikwenda taratibu hadi mlangoni, akagonga.

"Dada," alisema, "naomba choo."

Komeo likasikika. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita, ukafungwa tena. Polisi jeshi wakatazamana. Wakasubiri hadi koplo akaanza kutembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe mkewe akatokea, na mjane nyuma yake.

"Chumba cha nyuma kinatutosha," mkewe alisema. "Shusheni vitu."

"Familia mbili kota moja? Hujui kanuni."

"Kanuni haina mimba, mume wangu."

Wote wakamgeukia Mama Funguo. Alijua anachokitupa.

"Shusheni," akasema.

Hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu, akapiga saluti.

"Nilikupa amri gani, Sajini?"

"Kuitoa familia, afande."

"Umeitoa?"

"Hapana, afande. Nimeingiza nyingine."

Mkuu alinyoosha mkono na kudai funguo zote. Akamhamishia ulinzi wa getini kuanzia kesho yake. Mjane naye alipewa muda hadi mwisho wa mwezi. Akipitiliza hata kwa siku moja, mkuu alisema, hakuna atakayebaki na cheo begani.

Wiki zilizofuata hazikuwa na raha. Wanawake wale waligombania jiko, koplo akanuna, mtoto wa shule akasomea bafuni akitafuta utulivu. Kila Mama Funguo alipoona gari la polisi jeshi likielekea kota, alilifuata kwa macho mpaka lipite. Lakini uchungu ulipomshika mke wa koplo wakati mumewe yuko lindoni, mjane ndiye aliyemfikisha hospitali na kumpokea mtoto mikononi.

Siku zake za mapumziko Mama Funguo alimtafutia mjane chumba, akakipata jirani na shule. Mitihani ilipokwisha, koplo mwenyewe alibeba vitanda vya mjane, bado amenuna, ila hakuruhusu mtu mwingine aguse kabati la marehemu.

Ofisi ya makazi Mama Funguo hakurudishiwa, na aliililia kwa siri, kwa kuwa aliipenda kazi ile. Alibaki getini, juani na mvuani, akikagua magari. Mjane alipopita kwenda sokoni, alisimama wakapiga soga mpaka foleni ya magari ikaanza kupiga honi.