Alama Yenye Mkia

Karani wa masjala ya rufaa, jirani yangu wa meza, ana alama yake ya vema: kalamu inashuka kidogo, halafu inapanda na kuburuta mkia mrefu hadi nje ya kisanduku. Alikuja nayo kutoka kituo cha polisi alikofanya kazi zamani. Fomu anaijaza huku akisimulia vituko vya wajukuu, bila hata kuangalia chini; tunamtania kwamba mkono wake una macho.

Jana alikuja mama wakili anayemtetea raia mmoja wa kigeni atakayenyongwa Alhamisi. Alishika fomu ya siku mtu huyo alipokamatwa, miaka kumi na mmoja iliyopita. Serikali inaitegemea kudai kwamba aliambiwa ana haki ya kuita ubalozi wake.

“Samahani, mzee wangu, hii alama unaijua?”

Mkia ulikuwa umetoka nje ya kisanduku. Karani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimkanyaga chini ya meza. Amebakiza mwezi mmoja kustaafu.

“Ni yangu,” alisema. “Nilizijaza fomu zote za siku ile kwa mkupuo, kabla watuhumiwa hawajashushwa garini. Hakuna aliyeambiwa kitu. Niandikie kiapo, mwanangu, nitie sahihi.”

Leo ni Jumatano, saa tisa alasiri, na simu ya jaji aliyepelekewa kiapo ili asimamishe kunyongwa haijalia. Karani ana fomu moja tu ya kazi za leo tangu asubuhi. Anapitisha kidole kila mstari, midomo ikicheza, na kisanduku cha kwanza bado kitupu.