Pindo na Kundi la Mdogo Wake

Fundi cherehani yule walimwita Pindo, kwa sababu pindo la gauni aliloshona yeye hulioni hata ukiligeuza ndani nje. Duka lake lilipakana na saluni ya mdogo wake, na kilichowatenga ni ukuta wa mbao nyembamba. Kila kicheko cha upande wa pili kilimfikia.

Mdogo wake alikuwa amepima saratani ya mlango wa kizazi, akakutwa na dalili za mwanzo kabisa, akatibiwa, akapona. Pindo alimshukuru Mungu, tena kwa dhati. Kilichomkera ni yaliyofuata. Mama yao, ambaye miaka yote aliishi kwa Pindo, alihamia kwa mdogo mtu "kumwangalia kidogo," na hicho kidogo hakikuisha. Zahanati nayo ikawa inamwita huyo mdogo akazungumze na akina mama. Wateja wa Pindo walitupa vitambaa mezani na kukimbilia saluni kusikiliza habari ile ile upya. Na mdogo mtu alijua kusimulia: pa kulia aliwaliza, pa kucheka wakashika mbavu.

"Jumamosi tunakwenda kundi zima la hapa saluni kupima," alimwambia Pindo akiwa mlangoni. "Dada, twende."

"Nina nguo za watu."

"Nguo hazina miguu."

"Na siumwi."

"Hata mimi sikuwa naumwa."

Pindo akakanyaga cherehani, kelele zikameza yaliyobaki.

Jumamosi aliwaona wakipita, wamependeza utadhani wanakwenda harusini, mdogo wake mbele. Roho ilimuuma. Hakuogopa majibu wala kile kitanda cha kupimiwa, na mumewe alikwisha kumwambia aende. Asichoweza kukimeza ni kumfuata nyuma mtoto aliyembeba mgongoni.

Mama alipokuja kuchukua shuka zake alimuuliza, "Wewe unangoja nini?"

"Nangoja niumwe, mama. Labda utarudi."

Alisema kama mzaha. Mama hakucheka. Aliacha kukunja shuka, akamtazama. "Mwanangu, unamwonea wivu mtu aliyeponea chupuchupu?"

Pindo aliinama akaikunja shuka iliyobaki. Jibu lilikuwa ndiyo.

Jumatatu alifunga duka akaenda hospitali ya upande wa pili wa mji, asikojulikana. Muuguzi alimuuliza nani kamshauri aje.

"Hakuna. Nimeamua mwenyewe."

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Akaambiwa yuko salama, na lini arudi tena. Alitoka mwepesi, anatabasamu peke yake, na hata hajafika barabarani kitu kikamchoma: hakuwa na cha kusimulia. Alijionea aibu kwa wazo lile, lakini halikuondoka.

Alipopita saluni alimnong'oneza mdogo wake, "Nimepima. Niko salama."

Mdogo mtu alimkumbatia kwa mikono yenye mafuta ya nywele, machozi yakimlenga, kisha akawageukia wateja. "Mmesikia? Hata dada nimempata."

Wanawake wakapiga makofi, na makofi yakaenda kwa mdogo mtu. Pindo alirudi dukani amekaza meno.

Jioni mwanamke mmoja, muuza mayai wa ng'ambo ya barabara, aliingia, akajifanya anatafuta zipu. Alizipekua weee, mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Ulipimia wapi? Mimi kundini siwezi. Nikienda na wale, kabla sijafika nyumbani mtaa mzima umeshajua."

Pindo alimwelekeza geti la kuingilia na chumba cha kuulizia. Akamwona bado anasitasita. "Nikusindikize?"

Kesho yake asubuhi wakaenda. Pindo alikaa kwenye benchi la korido, amempakatia mwenzake mkoba. Muuza mayai alipotoka, uso umekunjuka, alimshika mkono.

"Usimwambie mtu. Hata mdogo wako."

Mama bado alikuwa anaishi kwa mdogo mtu, na saluni bado ilijaa. Lakini Pindo aliahidi, na hajawahi kutoa ahadi kwa furaha kiasi kile.