Hotuba Niliyoikariri Mbele ya Maksai

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kanisani hukaa karibu na mlango, ili ibada ikiisha niwe wa kwanza kuondoka. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili, kidato cha pili, alipotuambia Alhamisi kwamba kila mmoja akariri hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi, kisha Jumatatu aitoe mbele ya darasa bila karatasi, hofu yangu haikusubiri Jumatatu. Atakayeshindwa aje na mzazi. Na baba alishasema: akiitwa shule mara nyingine, nitabaki nyumbani moja kwa moja. Mtasema mtu wa nyumbani angefurahi. Lakini kubaki nyumbani, kwetu Nambis, ni kushika kamba ya maksai mpaka uolewe. Na shule nilikuwa naipenda, ilimradi nisisimamishwe mbele ya watu.

Jumamosi tulilima. Baba nyuma na plau, mimi mbele naongoza maksai wawili, mweusi na mwekundu, karatasi mkononi. Mwekundu alikuwa na tabia ya kuvuta kuelekea majani ya jirani, basi hotuba ikaenda hivyo hivyo: sentensi, kumgombeza, sentensi. Kufika jioni baba, ambaye kusoma anasoma kwa shida, alikuwa ameishika kuliko mimi.

"Umewaruka wazazi," akaniambia kutoka nyuma.

"Nimewataja, baba."

"Umetaja walimu. Rudia. Na huyo mwekundu anatoka."

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. "Ndugu mgeni rasmi, wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu." Ikakubali. Nikafumba macho ili nisiwaone watu, na hapo ndipo nilipojiharibia, maana nilijikuta shambani. "Tunakushukuru kwa kufika kwako, wewe mwekundu, rudi mstarini, acha majani ya watu, licha ya majukumu mengi uliyonayo."

Darasa zima likacheka. Mwenzangu wa dawati alitoa machozi kabisa.

"Kumbe mgeni rasmi ana pembe," akasema mmoja wa nyuma.

Mimi nilikuwa namwona baba tu, anavua gamboti zake za shamba, anavaa viatu vya kanisani, anakuja shule.

Mwalimu hakucheka. Na yeye kwao ni wakulima, huko Tlawi, na nadhani kamba ameishika sana.

"Amesharudi mstarini?" akaniuliza.

"Amerudi, mwalimu."

"Basi endelea kulima."

Nikaendelea, safari hii macho wazi, mpaka neno la mwisho. Akaniwekea tiki kwenye daftari lake na kuita mwingine.

Jioni nilimkuta baba zizini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uliruka?"

"Sikuruka. Niliongeza."

Akaiweka chini kamba ya mwekundu.

"Nimeitwa?"

"Hapana."

"Haya. Kesho nitamalizia kile kipande cha chini na mdogo wako," akasema. "Wewe nenda shule."